Treni Isiyotoka Bila Pete

Raheli alikuwa ametumwa chumvi, tena kwa haraka, maana shangazi yake alikuwa na maharage jikoni. Lakini mtu atapitaje mbele ya ukumbi wa Lushoto siku ya maonyesho, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, asichungulie hata kidogo? Akachungulia. Kisha akaingia. Chumvi ilifika nyumbani saa kumi na moja jioni, shangazi ameshakula maharage yake chapwa, na maneno aliyoyatoa siku ile tuyaache huko huko jikoni.

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa sabini na tano, na baridi ya milimani ilikuwa imeshika sawasawa. Mwaka ule nchi nzima ilikuwa na wazimu wa treni. Reli ya Uhuru imefika Zambia, redio haina habari nyingine, watoto wanakimbizana barabarani wameshikana mashati nyuma na kupuliza moshi kwa midomo. Kwa hiyo vikundi vya ufundi vya wilaya vilipotakiwa kuleta vitu vipya vya kubuni wenyewe, mafundi seremala wa Magamba hawakuleta vitanda wala kabati. Walileta treni.

Na si treni moja. Kwenye meza ya kwanza palikuwa na treni ndogo za kuvutwa kwa kamba, magurudumu manene, hazina ncha ya kumchoma mtoto. Meza ya pili, treni za kutia ufunguo, tumboni mwake zimewekwa springi za saa mbovu za mezani. Ukiziachia zinatembea sakafuni zenyewe mpaka zigonge ukuta. Lakini watu hawakuwa kwenye meza hizo. Watu walikuwa wamesongamana kwenye meza ya tatu, ndefu kama kitanda cha watu wawili, na juu ya meza hiyo palikuwa na milima yote ya Usambara.

Raheli alipenya kwa bega mpaka mbele. Alikuwa amevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe na sweta ya manjano aliyoifuma mwenyewe, na kikapu cha shangazi kilikuwa kinamtangulia. Akaona Mombo, chini kabisa, na stesheni yake nyeupe. Akaona kona za Soni, na maporomoko yake yamechorwa kwa chokaa. Akaona Lushoto juu, kanisa, soko, hata posta, nyumba zote ndogo kama viberiti, na mlima wenyewe umefinyangwa kwa unga wa mbao na gundi ukapakwa rangi za migomba na misitu. Na kutoka Mombo mpaka Lushoto, ikizunguka zunguka, ilipanda reli.

"Lushoto haina reli," Raheli akasema kwa sauti.

Aliyeinua kichwa nyuma ya mlima ni kijana mrefu, mwembamba, suruali ya kaki, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, unga wa mbao kwenye nyusi.

"Ndiyo maana nimeitengeneza, dada."

Watu wakacheka. Raheli akaona haya, lakini hakuondoka.

"Na treni itapandaje? Hata basi la Mombo linapanda kwa kuombewa."

"Inama hapa," kijana akasema. "Tazama katikati ya reli. Unaona meno? Na chini ya injini kuna gurudumu lenye meno vile vile. Linauma, linapanda. Likiuma haliteremki."

Raheli akainama. Injini ilikuwa ya mbao ya mkulo, ile inayonukia dawa, imepigwa msasa mpaka inang'aa, na kila kitu kilikuwapo: taa mbele, ngazi ya dereva, hata kibehewa cha makaa cha ukubwa wa ukucha. Alikuwa hajapata kuona kazi ya mkono namna ile. Akahisi furaha ya ajabu, ya kitoto, mpaka akajisahau akamshika mkono mama asiyemfahamu aliyesimama kando yake.

"Sasa mbona haiendi?"

"Haijapewa njia." Kijana akatoa mfukoni pete ya shaba, pana kama bangili ya mtoto. "Baba yangu ni stesheni masta wa Mombo. Reli ni moja tu, treni zinatoka huku na huku, zitagongana. Kwa hiyo ipo pete, kila kipande cha njia na pete yake. Dereva asipopewa pete mkononi hatoki, hata abebe mkubwa gani. Akifika, anaitoa. Akiitoa, ndiyo kusema nimetoka kwenye njia hii, sina haja nayo tena, mpe mwingine."

Maneno hayo Raheli aliyasikia, na angeyakumbuka vizuri kama asingekuwa anaitazama mikono yenyewe inavyoeleza. Mikono ile ilikuwa na makovu ya patasi na ilikuwa mizuri.

"Yangu ina kulabu mbili hapa stesheni ya Mombo," kijana akaendelea. "Pete ikikaa kwenye kulabu, umeme wa betri unapita. Isipokaa, hakuna safari. Haya, dada mwenye kikapu. Ipe ruhusa."

Raheli akaipokea pete, akaitundika. Kitu kikanguruma kidogo. Treni ikajivuta, ikashika mlima. Ilipita kona ya kwanza, ikapita Soni, ikaingia kishimo kilichotobolewa mlimani, ikapotea, na watu wazima na akili zao wakawa wameinamia shimo wanaingoja. Ilipotokeza upande wa pili, makofi yalipigwa mpaka vioo vikalia.

"Unaitwa nani?" Raheli akauliza, amesahau adabu ya kungoja kuulizwa.

"Silvano. Na wewe?"

"Raheli. Niko pale." Akaonyesha kinyumba cha posta juu ya mlima wa unga wa mbao. "Ndiye mimi ninayewapa simu."

Silvano akamtazama vizuri. "Kumbe ni wewe unayesema 'nambari tafadhali' kama unamkaripia mtu?"

Kesho yake asubuhi, Raheli akiwa mbele ya ubao wa simu, kijilango cha shaba cha karakana ya Magamba kikaanguka, ishara kwamba huko kuna anayepiga. Akachomeka waya.

"Nambari tafadhali."

"Sina nambari. Naomba saa, ndugu opereta."

"Saa tatu na dakika kumi."

"Ahsante. Na huko mjini kuna baridi?"

"Ndugu fundi, ofisi hii inatoa simu. Hali ya hewa uliza redioni."

"Nimeuliza. Redio haina sauti yako."

Raheli akachomoa waya, lakini mwenzake Hadija, aliyekaa kiti cha pili, alikuwa ameshaona meno yake yote. Hadija alikuwa binti wa Pangani, mcheshi, asiyeweza kukaa na neno mdomoni hata dakika moja. "Magamba leo wana shida ya saa?" akauliza. "Nasikia wana majogoo huko."

Maonyesho yalikuwa ya wiki nzima. Kila siku Raheli akitoka zamu anapita ukumbini, na kila siku Magamba inauliza saa. Walikula mahindi ya kuchoma kwenye ngazi za ukumbi, wakatembea hadi sokoni na kurudi, wakabishana. Silvano alikuwa Mkatoliki, Raheli baba yake ni mzee wa kanisa la Kilutheri kule Bungu, na hilo walilitania sana kwa sababu lilikuwa linawatisha kidogo wote wawili.

"Baba yangu ataimba nyimbo kumi kabla hajakukaribisha kiti," Raheli alimwambia.

"Nitasimama. Mimi nimelelewa stesheni, nimezoea kungoja."

Alimpenda. Tuseme hivyo wazi, kwa maana yeye mwenyewe alijiambia hivyo wazi siku ya tano, akiwa anachambua mchicha wa shangazi, na akacheka peke yake. Alipenda jinsi alivyokuwa akieleza jambo, bila kujigamba, kama anakugawia. Alipenda kwamba mtu alikuwa ameketi milimani miezi kumi na minane akaifanyia Lushoto reli kwa sababu tu Lushoto haikuwa nayo.

Jioni ya kuamkia siku ya mwisho, jua bado liko juu ya Magamba, Silvano alimsindikiza hadi karibu na mlango wa shangazi. Kesho wakubwa wa mkoa watakuja kutoka Tanga kuchagua kazi moja ya kupelekwa Dar es Salaam kwenye Sabasaba. Alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ulimfanya aongee polepole.

Akatoa pete ya shaba, akamtia Raheli kiganjani.

"Kaa nayo. Kesho saa tatu uje nayo, uitundike wewe. Wakubwa wote wakiwapo."

"Na nisipokuja?"

"Treni haitoki." Kisha akatazama viatu vyake. "Ukija ukaitundika kwa mkono wako, nitakuwa na swali moja la kukuuliza."

"Uliza sasa."

"Kesho, Raheli."

Basi nani angelala? Saa moja asubuhi Raheli alikuwa ameshavaa gauni lake la harusi za watu, la kitambaa cha waridi chenye mikunjo, na viatu vya kisigino alivyovinunua Tanga. Saa moja na nusu msimamizi wake alibisha mlangoni. Opereta wa zamu alikuwa na homa, amelazwa. Raheli aingie kazini sasa hivi.

"Bwana msimamizi, leo ni siku yangu ya mapumziko. Nipe saa moja tu."

"Wakubwa wa mkoa wako hapa, binti. Simu za Tanga zitapigwa kutwa. Nikuache uende wapi?"

Alikwenda kazini na gauni la waridi. Saa tatu kasorobo, wilaya yote inaita na vijilango vinaanguka kama mvua, akamwona Hadija nje ya dirisha, ameshika mwavuli, ametoka zamu ya usiku, yuko njiani kwenda kuangalia maonyesho. Raheli akamwita. Pete ilikuwa imelowa jasho kiganjani.

"Nakuomba, mpelekee Silvano. Kimbia. Bila hii treni haitoki, ataaibika mbele ya watu."

"Nimwambieje?"

Hapa ndipo Raheli alipokosea, na alikosea kwa sababu alimjua Hadija. Neno lolote atakalompa, kabla ya adhuhuri litakuwa sokoni, kisimani na kwenye kwaya. "Usimwambie kitu," akasema. "Mpe tu. Mengine nitamwambia mwenyewe."

Hadija akaenda mbio, akafika, akampa, na treni ikatoka. Hayo Raheli aliyapata kwenye simu: wakubwa wa mkoa walikuwa wakiwaeleza wenzao Tanga, mmoja baada ya mwingine, habari ya treni ya mbao inayopanda mlima. Kazi ya Magamba ndiyo iliyochaguliwa. Raheli alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kola ya waridi, akangoja kijilango cha Magamba kianguke.

Hakikuanguka. Siku ile, wala ya pili, wala ya nne. Kilipoanguka siku ya sita ilikuwa sauti ya mhasibu wa karakana anataka Korogwe.

Jumamosi alikutana naye sokoni, kwenye mafungu ya viazi. Silvano alikuwa amevaa kaunda suti ya kijivu, labda ya safari, na ilimkaa vizuri mno.

"Hujambo, dada Raheli," akasema.

Dada Raheli. Hakuwa amemwita dada tangu siku ile ya kwanza.

"Sijambo. Hongera. Nasikia unakwenda Sabasaba."

"Ahsante. Na baada ya hapo wamenipa nafasi huko huko Dar es Salaam, kufundisha karakana moja. Nimekubali."

"Umekubali?"

"Hakuna kinachonizuia," akasema, taratibu, bila ukali, kisha akaaga na kwenda zake.

Raheli alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Kumbe ndivyo watu walivyo, alijiambia. Amepigiwa makofi na wakubwa, sasa opereta wa Lushoto si kitu. Alikasirika siku mbili, siku ya tatu hasira ikaisha ikabaki huzuni tupu, na hiyo ni mbaya zaidi maana haina wa kugombana naye. Hadija alijaribu kumchekesha akashindwa.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, kijilango cha Mombo Stesheni kikaanguka.

"Nambari tafadhali."

"Sihitaji nambari," ikasema sauti nzito ya mtu mzima. "Namtaka opereta anayeitwa Raheli."

"Ndiye mimi."

"Hapa ni stesheni masta Lucian."

Raheli akakaa wima kitini kama aliyeitwa mbele ya darasa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Sipigi simu kwa mambo ya nyumbani, simu hii ni ya kazi. Nina swali la kikazi. Kijana wangu yuko hapa na sanduku lake, kesho anapanda treni ya saa nane. Hali chakula. Nimembana, akaniambia umemrudishia pete. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee, lakini..."

"Unajua maana ya kurudisha pete?"

Hapo ndipo maneno ya ukumbini yalipomrudia, yote, pamoja na mikono iliyoyaeleza. *Nimetoka kwenye njia hii. Sina haja nayo tena. Mpe mwingine.* Akahisi masikio yanawaka chini ya visikilizio.

"Mzee wangu, sikukusudia. Nilishikwa na zamu. Nilituma pete ili treni itoke, asije akaaibika. Nimesikia baadaye kwamba angeweza kuweka hata kijiko pale, umeme ukapita, mimi nilikuwa sijui. Nilidhani namwokoa."

Kwa nyuma ilisikika kengele ya stesheni na mtu anaita mayai.

"Ulisema ulituma," mzee akasema. "Ulimtuma nani?"

"Mwenzangu, Hadija."

"Huyo Hadija ni mfanyakazi wa reli?"

"Hapana, mzee. Wa simu."

"Basi ngoja nikueleze kanuni, kwa kuwa kijana wangu ameishi kwenye nyumba ya reli miaka ishirini na haijui. Pete inatoka mkononi mwa mwenye nayo, inaingia mkononi mwa anayeipokea. Haipiti kwa mtu wa tatu. Ikipita kwa mtu wa tatu, makabidhiano ni batili. Nimewahi kumfukuza mtu kazi kwa jambo hilo."

"Batili ndiyo kusema nini, mzee?"

"Ndiyo kusema hujarudisha kitu. Kwa kanuni, pete ile ni yako mpaka sasa." Akakohoa. "Treni ya kesho ni saa nane. Mimi siizuii kwa ajili ya mtu. Kwaheri, binti."

Hadija, ambaye hakuwa ameacha sikio nyuma, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Kwa hiyo ni mimi niliyewaachanisha? Kwa miguu yangu mwenyewe? Raheli, kesho nitakaa zamu yako na yangu. Shuka Mombo, nakuomba, nisije nikafa na dhambi."

Mombo ni joto. Unatoka juu umevaa sweta, unafika chini unataka kuvua na ngozi. Raheli aliteremka basini saa saba na nusu, gauni la buluu lenye kola nyeupe limejaa vumbi la kona zote, akavuka reli kwenda kwenye jukwaa la stesheni. Ilikuwa nyeupe, na paa lake jekundu, na benchi lile lile, na akagundua kwamba hajapata kufika hapa lakini anapajua kote. Silvano hakukosea hata nguzo moja.

Mwenyewe alikuwa ameketi juu ya sanduku kubwa la mbao lililopigiliwa misumari pande zote, kati ya magunia ya kabeji na wasafiri. Alipomwona akasimama, kisha akakumbuka kukunja uso.

"Ndugu opereta. Umepotea njia?"

"Nimefuata mali yangu."

"Mali gani?"

"Pete. Imo humo ndani. Ni yangu, nimeambiwa na mwenye kanuni."

"Ulinirudishia."

"Sikukurudishia. Mimi nilikuwa nimefungiwa kwenye ubao wa simu, gauni la waridi mwilini, viatu vya kisigino, nimeamka saa kumi kwa ajili yako, na msimamizi amesimama mlangoni. Nikaona treni haitatoka, nikamtuma Hadija. Sikumpa maneno kwa sababu maneno yangu ya kukuambia wewe si ya kupitia kwa Hadija." Akamsogelea hatua moja. "Wewe ukanikata bila kuuliza. Kutwa ulikuwa unauliza saa. Siku ile ukashindwa kuuliza neno moja?"

Wasafiri walikuwa wameacha kula. Mama mmoja mwenye kapu la machungwa akasogea karibu ili asikie vizuri.

Uso wa Silvano uliokuwa umekunjwa ukakunjuka wenyewe. "Nilikungoja," akasema. "Wakubwa wote wamesimama, wanatazama saa zao. Wakaniambia weka waya wowote, hata kijiko, twende. Nikakataa. Nikawaambia namngoja mwenye njia. Kisha akaja Hadija, akanitia pete mkononi kimya kimya, akaenda kuangalia vyungu. Raheli, mimi kwetu nimekulia hapa. Nilidhani umenipa jibu kabla sijauliza swali."

"Nilikuwa sijajibu kitu."

"Mimi ni mjinga."

"Fungua sanduku," akasema yule mama wa machungwa. "Ujinga utauungama baadaye."

Akaomba nyundo kwa mpakia mizigo. Misumari ilikuwa mingi, kila mmoja ulitoka kwa kelele yake. Alipofunua kifuniko, harufu ya mkulo ikapanda kwenye joto lile, na watu wakaona milima na stesheni, stesheni hii hii waliyosimama, na injini imelazwa kwenye vumbi la randa. Wakanong'onezana. Mzee mmoja akavua kofia. Silvano akaingiza mkono Mombo, akaichomoa pete kwenye kulabu, akampa Raheli kiganjani.

Treni ya kweli ikalia kwa mbali, upande wa Moshi.

"Sasa huko Sabasaba yangu itatokaje?" Silvano akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu ukumbini akacheka. "Nitaweka kijiko?"

"Jaribu uone."

Mzee Lucian alikuja akitembea kwa hatua zake za kipimo, sare nyeupe iliyopigwa pasi, na mkononi ameshika pete kubwa ya chuma ya dereva. Raheli akapiga goti kidogo. "Shikamoo."

"Marahaba. Dakika nne," mzee akasema, bila kusimama. Kisha akasimama. "Iko njia nyingine, nyinyi watoto hamkufundishwa. Njia isiyo na stesheni mbele yake. Inakwenda, inakomea, inarudi. Hiyo ina pete moja tu. Aliyepewa anakwenda nayo, na aliyempa anamngoja, maana lazima irudi kwake, mkono kwa mkono. Haendi nayo mwingine yeyote." Akaangalia saa yake. "Dakika tatu." Akaenda zake kumpokea dereva.

Raheli akaigeuza pete. Alikuwa ameifuata kwa safari ndefu ya vumbi na sasa alijua la kufanya nayo.

"Lete mkono," akasema.

Silvano akautoa, wenye makovu.

"Nakupa mimi mwenyewe, watu wanaona. Nenda kaipandishe treni yako, wakaione. Usiweke kijiko. Na hii pete ni ya njia ya aina hiyo aliyoisema mzee. Sijui utakaa siku ngapi, lakini itarudi kwangu, na itarudi kwa mkono wako."

"Na swali langu?"

"Uliza sasa."

Akafungua mdomo, akaufunga, akatikisa kichwa. "Hapana. Mambo ya reli yana taratibu zake. Nitauliza nikiwa kule, kama anavyouliza baba kwa simu stesheni ya mbele kabla hajatoa treni. Wewe kaa kwenye ubao wako."

Wakapigilia sanduku kwa pamoja, yeye anashika misumari, Silvano anapiga, na mama wa machungwa akawapa machungwa mawili bure. Treni ikaja, ikapakia, ikaondoka. Raheli alisimama jukwaani mpaka behewa la mwisho likamezwa na mashamba ya mkonge, kisha akagundua kwamba hakulia.

Tarehe saba ikapita. Tarehe nane, saa tano asubuhi, simu ya Tanga ikaita.

"Lushoto, hapa Tanga. Nina simu ya Dar es Salaam, inatoka maonyesho. Ya binafsi, dakika tatu. Amesema asipewe mtu mwingine ila Raheli."

Hadija akasogeza kiti.

"Ongea, Dar es Salaam," Raheli akasema.

"Saa ngapi huko, ndugu opereta?"

Akafumba macho. "Saa tano na dakika mbili."

"Watu walijipanga hadi nje ya banda," Silvano akasema, na sauti ilikuwa inakuja na kuondoka kwenye nyaya. "Wazee, watoto, wanajeshi. Imepanda mpaka betri zikaisha, tukatia nyingine. Shule zinataka zile za kamba, wanauliza lini, wanauliza ngapi. Nimewaambia waandike barua Magamba. Nimewaambia na wale wa karakana ya huku kwamba kazi yao siichukui, waje wao milimani wajifunze. Mkulo uko huko."

"Umewaambia hivyo?"

"Nimewaambia nina kitu cha kurudisha." Akavuta pumzi. "Raheli, iko mkononi. Jumapili niko Mombo, Jumatatu wazee wangu wako Bungu kwa baba yako, wataimbiwa hizo nyimbo kumi wakiwa wamesimama. Lakini treni haitoki kabla haijauliza. Kwa hiyo nauliza. Lushoto, njia iko wazi?"

Mtu aliyekuwa akijibu simu mia kwa siku, kwa miaka mitatu, akakosa sauti. Mkono wa Hadija ulikuwa umembana begani. Kwenye nyaya akasikia watu wanapumua, zaidi ya mmoja. Korogwe walikuwamo. Tanga walikuwamo. Kanuni inasema opereta akishaunganisha atoke, na siku ile hakuna aliyetoka.

"Lushoto," ikasema sauti ya Tanga, kwa upole, "unaulizwa."

"Njia iko wazi," Raheli akasema. "Lete treni."

Akasikia Silvano anacheka, au analia, nyaya hazikupambanua. Korogwe mtu alipiga kigelegele.

"Dakika tatu zimekwisha," Tanga akasema, kama ilivyompasa. Na hakuchomoa waya.